Nilizifungia Picha za Baba Mkwe, Mke Wangu Akabeba Lawama

Shangazi Eucabeth, salamu kutoka Nakuru, na kama barua yangu itasomwa basi isomwe kabla ya Jumamosi, baada ya hapo haitakuwa na maana. Nimesoma ukurasa wako miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, leo zamu ni yangu, na ninakusihi usinicheke sana.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na mbili. Mke wangu Wangare ni karani wa shule ya msingi, na binti yetu Natalie yuko darasa la nane. Tunakaa Rhonda, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Kazi yangu iko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, nasoma mageji na kuandika nambari kwenye fomu, naondoka nyumbani Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa jioni. Pale kazini, Shangazi, mimi siulizwi kitu. Nikitaka glavu mpya natia sahihi mahali patatu kisha namngoja mkubwa wetu, Bwana Kiprugut, naye atie yake, nikitaka kutoka getini kununua chapati naonyesha kadi, na nikirudi na chapati namwonyesha kadi askari yule yule aliyeniona nikitoka. Sikuelezi haya ili kujitetea, au pengine najitetea, utaamua wewe.

Mwaka jana mwezi wa kumi nikanunua kompyuta iliyotumika kwa Jaydeep, mwenye duka la mitambo mjini, ile yenye monita ya mgongo mkubwa. Alinieleza kwamba kila mtu nyumbani anaweza kuwa na jina lake la kuingilia, na mmoja awe msimamizi. Shangazi, hilo neno msimamizi lilinikaa vizuri sana. Nikawapa Wangare na Natalie majina yasiyo na nguvu yoyote, hawawezi kuweka programu, hawawezi hata kubadilisha saa. Wangare akinipigia simu mchana, "Baba Natalie, hii printa imekataa, inasema lazima wewe," na mimi nimesimama katikati ya mabomba yanayopuliza mvuke, naanza kumwelekeza kwa sauti ya juu, wenzangu wote wakinitazama. Nitasema ukweli, nilikuwa nasikia raha.

Mwezi wa kumi na mbili Wangare akaleta albamu ya kwao. Baba yake, Mzee Kang'ethe, alifariki mwaka wa tisini na nane, na familia ilikuwa inapanga ibada ya kumkumbuka ikitimia miaka kumi. Akaazima skana ya shule, akakaa nayo Jumamosi na Jumapili akiingiza picha moja moja, zote hamsini na saba, na mimi nikamtengenezea folda ya kuziweka. Krismasi tulienda kwa mama mkwe, shambani nje ya Molo, tukamrudishia albamu yake kwa sababu alisema kabati lake haliwezi kufunga mwaka bila hiyo albamu.

Sasa tuliporudi nikamkuta Natalie amechukua picha ya babu yake, akamchorea miwani ya jua, akaiweka ndiyo inayoonekana mashine ikiwaka. Nilikasirika kupita kiasi. Kazini kuna jamaa anaitwa Ogola, anashughulika na kompyuta za ofisi, alikuwa amenionyesha namna ya kufunga folda kabisa asiingie mtu, basi siku ile ya kungoja matokeo ya uchaguzi, sina kazi, sina pa kwenda, nikaketi nikaifunga. Kuna ukurasa wa ruhusa wenye orodha ya majina. Jina langu liko, na kuna mstari umeandikwa "Everyone", yaani kila mtu. Kwa jina langu nikatia alama zote za kuruhusiwa. Kwa kila mtu nikatia alama zote za kukataliwa. Kompyuta ikaleta onyo refu lenye alama ya njano ikiniuliza kama nina hakika, nikabofya ndiyo bila kulisoma, kwa sababu hakika nilikuwa nayo. Kisha nikafuata maelezo ya Ogola nikauficha ukurasa wenyewe wa ruhusa, Wangare asije akauona na kuanza kuuchezea. Halafu nikafungua folda niione kazi yangu. Kompyuta ikaniandikia kwamba nimekatazwa kuingia. Mimi, msimamizi! Nikajaribu tena na tena. Nikasema nitamuuliza Ogola Jumatatu.

Hiyo Jumatatu haikufika, unajua mwenyewe Januari ilivyokuwa huku kwetu na zile ghasia za baada ya uchaguzi. Nyumba ya mama mkwe ilichomwa. Alitoka na nguo aliyovaa, Biblia, na kuku mmoja ambaye mpaka leo hajui alimshika saa ngapi. Alikaa hemani Showground, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, wiki mbili kabla hatujampata na kumleta nyumbani. Alipokalishwa na kupewa chai, neno la kwanza alimwambia Wangare, "Afadhali baba yenu mlimweka kwa computer. Niwashie nimuone."

Wangare akawasha, akabofya, akakatazwa. Akanigeukia. Na hapo, Shangazi, mdomo wangu ukasema kitu ambacho sikukipanga. Nilisema, "Ni nani amekuwa akibonyeza-bonyeza hapa? Wangare, ulibonyeza nini?" Akafikiria, akasema labda ni ile siku alikuwa anajaribu printa. Nikasema, "Basi ni hapo." Tangu siku hiyo mke wangu anaamini ni yeye aliyempoteza baba yake.

Ungesema ningeenda kwa Jaydeep, au kwa Ogola. Ningewaambia nini? Wangeuliza nani alifunga. Na mama mkwe mwenyewe siwezi kumwambia, kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali, hatukai kochi moja, nikiingia sebuleni anavuta leso yake na kuelekea jikoni. Miezi saba tuko nyumba moja na tunaongea kupitia Natalie. "Mwambie baba yako chai iko." "Mwambie cucu asante." Mwezi wa tatu aliwaalika akina mama wa kanisani, wakaja wanane, wakaweka mikono juu ya monita na kuiombea, mmoja akikemea kila roho ya kufunga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisema Amina.

Wiki iliyopita nikamsikia mama mkwe jikoni akimwambia Wangare, "Hata kama ulimpoteza, usilie, mwanangu. Ni vile tu naanza kusahau. Kuna sikio lake moja lilikuwa kubwa, na siwezi kukumbuka ni la upande gani." Nilisikia tu maji ya sinki yakifunguliwa.

Sasa Wangare amekata shauri. Natalie ana mtihani Novemba na kompyuta imejaa takataka, basi Jumamosi hii anaipeleka kwa mtu fulani mtaa wa Kaptembwo aifute yote na kuianzisha upya. Amesema, "Picha zimeenda, tukubali." Ikifutwa, picha zitakwenda na hakuna atakayejua milele ni mimi. Nusu ya moyo wangu inaniambia ninyamaze siku tatu tu, mambo yaishe. Nusu nyingine hailali. Je, kuna njia ya kuifungua kimya kimya, ionekane imejifungua yenyewe, labda kwa yale maombi? Na kama hakuna, ninyamaze ama niseme, na nikisema nitakaa vipi katika nyumba hiyo? Tafadhali badilisha majina yetu yote, na unijibu kwanza kwa email niliyoandika hapo juu.

Ni mimi msimamizi niliyefungiwa nje,
Nakuru.

SHANGAZI EUCABETH ANAJIBU

Bwana Msimamizi,

Nilikucheka, sikufichi. Nilikucheka kwenye kadi ya chapati, nikakucheka kwenye onyo la njano. Nilipofika kwa wale akina mama wanane na Amina yako nikaacha kucheka, nikaiweka barua chini na kwenda kuchemsha chai, kwa sababu maneno yaliyokuwa mdomoni mwangu mhariri hangeyapitisha.

Tuanze na mashine, ndiyo rahisi. Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, kwa hiyo nilimpelekea kisa chako Navneet, dada anayetengeneza zile za ofisini kwetu. Alisoma akatabasamu, akasema, "Shangazi, hiyo ni kazi ya dakika tano." Dakika tano! Wewe umekaa miezi saba, na mama wa watu anasahau sikio la mume wake.

Kosa lako ni hili. Kwenye ule ukurasa, kukataza kunashinda kuruhusu, na ndivyo lile onyo lilivyokuwa linakuambia ulipokuwa na haraka ya kuwa na hakika. Ulijiruhusu kwa jina lako, kisha ukamkataza kila mtu, na wewe ni mmoja wa hao kila mtu. Ulidhani kuna watu wote, halafu pembeni yuko Baba Natalie kwenye kiti chake. Kompyuta haikukujua hivyo. Hata Bwana Kiprugut angekataliwa.

Navneet anasema picha zako hazijafutwa, ziko pale zote hamsini na saba. Na kwa kuwa folda uliitengeneza wewe, wewe ndiye mwenyewe mbele ya mashine, na mwenyewe anaweza kubadilisha ruhusa hata kama amejikataza kuingia. Ingia kwa jina lako la usimamizi, unalolipenda. Fungua dirisha lolote la folda, nenda juu palipoandikwa "Tools", kisha "Folder Options", kisha "View", teremka hadi chini kabisa. Mstari wa mwisho unasema "Use simple file sharing" na una alama ya vema. Iondoe. Hapo ndipo ulipouficha ukurasa wa ruhusa kwa ajili ya Wangare, na ndipo ukajifichia na wewe. Sasa bofya folda ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", na utaona "Security" imerudi. Tafuta ule mstari wa kila mtu, ondoa alama zote za kukataza, kubali. Mashine ikikukatalia, pale pale kuna "Advanced", ndani yake "Owner", chagua jina lako, weka alama ya kuchukua na vilivyomo ndani, kubali, kisha rudia. Na safari hii likitokea onyo, tafadhali lisome.

Picha zikifunguka, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujazichoma kwenye CD mbili. Moja ikae kwenu, moja ikae kwa ndugu yake Wangare. Sihitaji kukueleza kwa nini kitu kisikae nyumba moja tu, mwaka huu umetufundisha sote.

Sasa nije kwako, na hapa hakuna kitufe.

Unaniuliza kama folda inaweza kufunguka kimya kimya, tuseme ni maombi. Yaani umewaacha wale akina mama wamkemee pepo, pepo akiwa amesimama mlangoni na soksi zake, na sasa unataka kumsingizia Mungu kazi ya Navneet. Hapana. Halafu unaniuliza unyamaze siku tatu. Baba Natalie, ulipomfungia mtoto kwa sababu ya miwani ya jua, huo ulikuwa upuuzi, na upuuzi husamehewa, hata mimi nina wangu. Hukujua nyumba ya Molo itachomwa. Hilo sikulaumu, na wewe usijilaumu. Lakini ukinyamaza hadi Jumamosi utakuwa umemchoma yule mzee mara ya pili, na safari hii anayewasha kiberiti namjua.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni mke wako. Alikaa siku mbili kwenye skana iliyoazimwa akimwokoa baba yake picha kwa picha, akafaulu, yeye peke yake katika ukoo wote ndiye aliyefaulu. Ungepaswa kumsifu mbele ya mama yake. Badala yake ulimuuliza alibonyeza nini. Miezi saba anaosha vyombo na hilo neno. Umesema mdomo wako ulisema kitu ambacho hukukipanga, nami nakubali, mdomo huponyoka. Ila kesho yake ulikuwa nao mdomo huo huo, na kesho kutwa, na mwezi wa tatu ulikuwa nao mzima kabisa wa kusemea Amina.

Kuhusu heshima ya mkwe, usinichezee. Naiheshimu mila yenu, na sikuambii ukakae na mama mkwe kochi moja umweleze habari za vitufe. Hiyo mila iliwekwa umpe mama nafasi yake, haikuwekwa uwe na mahali pa kujificha. Na kazini kwenu wakikunyima glavu mpaka utie sahihi mara tatu, gomba na kazini kwenu. Wangare hakuajiri mtu wa geti.

Nifuate hivi. Usianze na kompyuta. Najua utataka kuifungua kwanza ili uje na habari njema mkononi, usikike kidogo kama shujaa. Anza na mke wako, mashine ikiwa bado imefungwa, uso wako ukiwa hauna kitu cha kujifunika. Mwambie maneno haya na usiongeze: "Ni mimi nilifunga. Wewe hukubonyeza kitu. Nilijua tangu siku ya kwanza." Atakayoyasema baadaye yasikilize yote, na usimwambie apunguze sauti kwa sababu mama anasikia. Mama asikie. Hiyo ndiyo njia yako ya kumfikia bila kuvunja mila ya mtu.

Kisha Wangare aketi kwenye kiti cha kompyuta, wewe usimame nyuma umsomee maagizo, na mkono wake ndio uondoe zile alama. Ukimaliza, mpe na yeye usimamizi, na Natalie mpe angalau wa kubadilisha saa. Picha moja, ile ambayo mzee anaonekana masikio yote mawili, ipelekeni mjini ichapishwe kubwa na kutiwa fremu, na Wangare ndiye amkabidhi mama yake. Wewe siku hiyo peleka chai jikoni, na nyamaza, kwa kuwa kunyamaza unakujua sana.

Utakaa vipi katika nyumba hiyo? Vibaya, kwa muda. Utaletewa chakula bila neno, na Natalie atapata kazi nyingi ya kupeleka ujumbe. Vumilia. Mwenzako amevumilia miezi saba kwa kosa ambalo si lake.

Jibu hili nimekutumia kwa email leo Jumatano, kama ulivyoomba. Gazeti linaingia Nakuru Ijumaa asubuhi, wewe ukiwa bado kwenye mageji. Una Alhamisi nzima na simu mfukoni. Majina nimeyabadilisha yote, ila mwanamke aliyeskani picha hamsini na saba za baba yake hahitaji jina ili ajitambue.

Kwa hiyo dada, kama umefika hapa na hakuna aliyekupigia simu, nasema na wewe sasa. Hukubonyeza chochote. Baba yako hujampoteza, yuko ndani ya hiyo mashine pale sebuleni. Usiipeleke Kaptembwo kesho. Maagizo yako hapo juu, na kama mume wako amezima simu, muulize mtu yeyote wa kompyuta, ni dakika tano. Mwite mama yako aje akae karibu nawe mfungue pamoja.